Ukiachika Karatu, unaondoka na nini?

Wadau, samahani kwa kimya. Mhariri alinituma Karatu siku tatu nikaandike habari ya bei ya vitunguu vya Mang'ola. Nimekaa siku tisa, na habari ya vitunguu hadi leo haijatoka. Nilichorudi nacho ni daftari lililojaa maswali ya talaka, na hasira kidogo.

Ilianzia kwenye Noah, tukitokea Mto wa Mbu tukipanda ule ukingo wa Bonde la Ufa. Nilikuwa naongea na mhariri kwa simu kuhusu kesi moja niliyoiripoti Arusha. Nilipokata, mama aliyekaa pembeni yangu, kikapu mapajani, akaniuliza, "Kaka, wewe ni wakili?" Nikamwambia hapana, ni mwandishi wa habari. "Si ndio nyie mnaoshinda mahakamani?" Hapo sikuwa na la kubisha.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Miaka kumi na saba ya ndoa ya kimila, watoto wanne, shamba la mahindi na mbaazi, ng'ombe wa maziwa wawili. Mume anampiga, na tangu mwaka juzi hatoi hata hela ya chumvi. Baraza la kata limemrudisha nyumbani mara tatu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Nikiondoka, naondoka na nini?"

Mnajua gari zetu, hakuna siri ya watu wawili. Mzee wa siti ya nyuma akadakia: "Mwanamke anaondoka na nguo alizokuja nazo." Konda naye hakukubali, akasema siku hizi ni nusu kwa nusu kama Kenya, mahakama inakata kila kitu katikati hadi masufuria. Gari zima likagawanyika. Tulipofika Rhotia watu walikuwa wanabishana kuliko Simba na Yanga, na mimi nimekaa kimya kama mjinga, kwa sababu sikuwa na jibu. Shahada ya uandishi wa habari ninayo, somo la sheria za vyombo vya habari nilipata B, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 sikuwahi kuisoma hata ukurasa mmoja. Niliisoma usiku ule gesti, kwenye simu, mpaka chaji ikaisha.

Mzee alikosea. Konda naye alikosea. Nitafika huko. Kwanza niyamalize maswali madogo, maana mama yule aliposhuka alimwambia shoga yake kwamba kuna kijana wa gazeti anajua sheria, na kuanzia kesho yake nikawa naulizwa hadi kwenye foleni ya chipsi. Na msicheke. Nawajua nyinyi wa Njiro na Sinza, mnaamini mambo ya ajabu kuliko hao.

Miezi sita, kwa mfano. Nusu ya vijana ninaowafahamu wanaamini ukikaa na mtu miezi sita mmeshakuwa mke na mume. Sheria inasema miaka miwili au zaidi, tena muwe mmeishi kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mke na mume. Hapo mahakama inawadhania kuwa ni wanandoa, hicho ndicho kifungu cha 160. Ni dhana tu, mwenzako anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga. Hata akifanikiwa, mahakama bado inaweza kumpa mwanamke matunzo yake na ya watoto. Kwa hiyo wewe unayesema "huyu si mke wangu, tunakaa tu" na mna mwaka wa nne chumba kimoja, usijiamini sana.

Mahari kutomalizwa hakuivunji ndoa. Kukosa cheti cha kanisa au cha serikali hakuifanyi ndoa ya kimila kuwa uhawara, ndoa ya kimila ni ndoa kamili kisheria. Kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hairuhusiwi, isipokuwa mahakama ikupe kibali kwa kuona unateseka kupita kawaida. Kwa Waislamu, na Mang'ola wapo wengi, karatasi ya talaka aliyoandika mume mezani haimalizi kazi mbele ya serikali. Lazima mpite baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoe amri yake, na hapo ndipo mali na watoto wanapozungumzwa. Kwa Wakatoliki, mahakama inaweza kuivunja ndoa upande wa serikali, lakini ukitaka kufunga nyingine kanisani hiyo ni shughuli ya Jimbo la Mbulu, si ya hakimu.

Watoto sasa. "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Hili nimeambiwa na watu sita, mmoja wao mwalimu. Sheria inasema mtoto aliye chini ya miaka saba inadhaniwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haisemi kwamba siku ya kutimiza saba baba anakuja na pikipiki kumchukua. Kinachotazamwa kwanza ni ustawi wa mtoto mwenyewe, na kama ameshakuwa na akili ya kutoa maoni yake, anasikilizwa. Na matunzo baba anatoa hata kama mtoto yuko kwa mama. (Wazee wetu waliokuwa wanacheka kwamba matunzo ya mtoto wa nje ni shilingi mia kwa mwezi hawakuwa wanatania. Sheria ya zamani iliweka kikomo hicho kweli, na ilidumu hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta. Shilingi mia! Hata vocha hupati.)

Haya. Nirudi kwa mama wa kwenye Noah, aliyerudishwa nyumbani mara tatu.

Nchi hii huwezi kufungua shauri la talaka moja kwa moja. Lazima kwanza mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo linatakiwa kuwepo kila kata, na yapo pia ya jumuiya za dini. Lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati kueleza kwamba limeshindwa, watu wanaiita fomu namba tatu. Bila hati hiyo hakimu hakupokei. Zipo nafuu chache: kama mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, kama ameitwa barazani akagoma kwa makusudi, kama amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, au kama mahakama imeona kuna mazingira ya pekee kabisa. Nje ya hapo, mlango ni mmoja.

Kwa hiyo watu watatu au wanne waliokaa kwenye benchi ofisi ya kata ndio walioshika ufunguo wa mahakama. Si hakimu, si wakili wa Arusha. Hii ndiyo habari ambayo sisi waandishi hatuiandiki, tunasubiri kesi ifike mahakamani ndipo tuanze kunoa kalamu, wakati wengi hawafiki.

Nilienda kumwona mjumbe mmoja wa baraza, kata siitaji. Mzee wa heshima zake, alinikaribisha chai ya maziwa, nikamwamkia, tukaongea vizuri. Nikamuuliza kwa nini mtu anarudishwa mara tatu bila hati. Akaniambia, "Mwanangu, kazi yetu ni kusuluhisha. Tukitoa fomu tumeshindwa." Nikamuuliza je, kama anapigwa? Akatabasamu. Akasema wanandoa kugombana ni kawaida, na mila inajua namna ya kumrudi mke bila kumuumiza.

Nilitoa simu nikamsomea kifungu cha 66. Kinasema, hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kimeandikwa tangu 1971, kwa Kiingereza, na kikafungiwa kwenye makabati. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na ni haki nilieleze. Alisema: "Sawa. Hakimu atavunja ndoa asubuhi, jioni atakuwa nyumbani kwake. Mimi ndiye nitakayewaona wale watoto wanapita hapa hawana viatu. Unafikiri namrudisha kwa sababu namchukia?"

Sina jibu zuri la hilo. Nadhani anasema kweli, na nadhani hachukii mtu. Lakini anachofanya si usuluhishi, ni kuzuia. Sheria haikumpa uwezo wa kuamua nani aachike na nani asiachike. Ilimpa kazi ya kujaribu, na akishindwa aseme ameshindwa, kwa maandishi. Hati si upendeleo wa baraza wala si aibu yake. Ni wajibu, sawa na karani wa posta kukupa risiti. Mtu akirudishwa mara tatu bila karatasi, baraza limemfungia mlango wa mahakama bila hukumu yoyote, na hana hata pa kukata rufaa, maana hakuna kilichoandikwa.

Niliyaandika haya kwenye karatasi nikampelekea mama yule sokoni: nenda, omba hati, ukinyimwa omba sababu kwa maandishi, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, waulizie wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua. Akasoma, akakunja, akaweka kwenye kanga. "Hujanijibu," akasema. "Naondoka na nini?"

Ndiyo. Mali.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Francis Nyalali. Kabla ya hapo majaji walikuwa hawakubaliani: wengine walisema mke wa nyumbani hana mchango kwenye mali, wengine wakasema anao. Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi. Kupika, kufua, kulea, kumtunza mume akaweza kutoka kwenda kutafuta, yote hayo ni kazi, na kazi ni mchango. Tangu siku hiyo yule mzee wa siti ya nyuma amekuwa akikosea. Cha kuchekesha, kama kinachekesha, Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa fedha za biashara na akazitapanya. Alifungua mlango, wakapita wengine.

Konda naye alikosea kwa upande wake. Kifungu cha 114 kinasema mahakama itagawa mali zilizopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja, na itaangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto, na, shikeni hapo, mila ya jamii wanayotoka. Baada ya kutazama yote hayo ndipo mahakama inatakiwa kuelekea kwenye usawa. Kuelekea. Hata huko Kenya anakokutolea mfano, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si ya moja kwa moja, mtu athibitishe mchango wake.

Kuthibitisha, sasa, ndiko kunakoumiza. Mama wa Rhotia anathibitisha vipi miaka kumi na saba ya jembe? Hana risiti ya kupalilia. Shamba ni la baba mkwe, ng'ombe wako kwa jina la mume kwenye daftari la maziwa. Niliambiwa na watu wengi kwamba shamba au mifugo ya kurithi haiguswi. Si kweli kabisa. Kifungu hichohicho kinasema hata mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inahesabiwa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Shamba lililokuwa pori likawa na makinga maji na migomba, nani aliyechimba? Mashahidi ni majirani. Dada zangu mnaonisoma, na kaka pia, andikeni mambo yenu. Picha ya siku ya kumwaga msingi, risiti ya bati, ujumbe wa M-Pesa wa fundi. Simsemi vibaya mume wa mtu. Nasema hakimu hana macho ya kuona jasho la mwaka jana.

Siku ya tano nikapata lifti ya gari la mradi, tukapita lango la Loduare, tukazunguka ukingo wa kreta hadi Endulen. Nilitaka kujua kule swali hili linaulizwaje, kwa sababu ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, kilimo kimepigwa marufuku. Hakuna shamba la kugombania. Kuna mifugo.

Mama mmoja mtu mzima alinieleza, binti yake akitafsiri. Siku alipoolewa alipewa ng'ombe wa nyumba yake. Ndiye anayewakamua, ndiye anayegawa maziwa, na wanawe wa kiume ndio watakaowarithi. Nikamuuliza, akiondoka? Binti hakutafsiri hata. Alinijibu mwenyewe: "Anaondoka bila ng'ombe na bila watoto, na kwao wanadaiwa mahari. Kwa hiyo haondoki." Mama akauliza tumesema nini, akaambiwa, akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Pale ndipo nilipoona ubaya wa lile neno "mila" ndani ya kifungu cha 114. Bungeni mwaka 1971 nadhani liliwekwa kwa heshima. Lakini mahali ambapo mila inasema ng'ombe wote ni wa mume, ukimwambia hakimu aangalie mila na aangalie kazi ya mke, umempa mizani yenye mawe pande zote mbili. Hakimu mwenye moyo atapima kazi, na asiye nao atapima mila, na wote wawili watakuwa wamefuata sheria. Mimi ningelitoa neno hilo. Mchango na mahitaji ya watoto vinatosha.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Ubishi wa kuhama kwa hiari au kwa kusukumwa mnaujua, leo siuingii. Serikali ilitangaza kila kaya inapata nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ekari mbili na nusu, na shamba la ekari tano. Kaya. Boma lenye mke mmoja na boma lenye wake watatu, yote ni kaya? Sheria ya Ndoa inasema wake wa mume mmoja wana hadhi sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo kabla ya kupanda lori, kila mke aulize: jina la nani limeandikwa? Kwa mara ya kwanza watu ambao mali yao ilikuwa na kwato wanapata mali yenye ukuta na karatasi. Kama jina ni la mume peke yake, mke bado ana kinga moja ambayo wengi hawaijui: nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala kupangishwa bila ridhaa ya mwenzake, na anaweza kuiwekea zuio. Lakini zuio halikimbilii mtu, lazima ulifuate.

Loliondo kuna wanawake walioanza kuliona hili mapema. Baraza la Wanawake wa Kifugaji, PWC, lipo tangu 1997, na limeunda majukwaa ya wanawake vijijini kuzungumzia haki zao. Binti aliyenitafsiria alikuwa amehudhuria. Ndiyo maana alijibu bila kutafsiri.

Juzi mama wa Noah amenipigia. Amepata hati. Alikwenda na kaka yake na ile karatasi yangu, ofisa ustawi akapiga simu, ikatoka siku hiyohiyo. Nikamuuliza wameandika nini. "Wameandika usuluhishi umeshindikana. Halafu chini kwenye maoni wameandika mke ana kiburi."

"Muhuri upo?"

"Upo."

"Tarehe?"

Akanisomea. Nikamwambia hati hiyo inadumu miezi sita tu, ikipita hiyo atalazimika kurudi barazani upya. Akanyamaza, nikasikia anahesabu kwa vidole. Anataka avune mbaazi kwanza, amesema, maana akifungua shauri kabla ya kuvuna hataruhusiwa kukanyaga shambani, na mbaazi zile alizipanda yeye. Nikamwambia azipige picha.